Arbuni ya Kidoleni: Pete ya Uchumba na Historia ya Kuikatia Bima

Neno arbuni halisikiki sana siku hizi. Wafanyabiashara wa Kampala husema advansi, na hata pwani vijana wengi husema dipoziti. Lakini kamusi bado zinalo: ni malipo ya kwanza ambayo mnunuzi humwachia muuzaji kuonyesha kwamba atarudi kukamilisha mapatano. Nimelichagua neno hili liwe mlango wa kuingilia historia ya pete ya uchumba, hasa historia ya kuikatia bima pete ya thamani kubwa. Hoja yangu ni kwamba kabla mtu yeyote hajafikiria kuikatia pete bima, pete yenyewe ilikuwa ndiyo bima. Ilimlinda yule aliyebaki akisubiri. Katika miaka isiyozidi mia moja na hamsini kazi hiyo imegeuka: pete imekuwa mali ya kulindwa, na aliyekuwa akilindwa na pete sasa anaulizwa kama kweli ni yake.

Kiswahili kililipata neno hili kutoka Kiarabu. Waarabu nao si wenye neno peke yao. Kiebrania kina ndugu yake, na katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 38, ndilo linalotumika Tamari anapomdai Yuda rehani kabla ya kumwamini. Yuda anamwachia muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Wagiriki waliliazima neno hilo kutoka kwa Wasemiti wakasema arrabon, na Warumi wakalifupisha likawa arra. Kwa hiyo mama wa Kimvita aliyepokea arbuni ya kitambaa na mwanasheria wa Roma aliyeandika juu ya arra walikuwa wakitamka neno moja, kila mmoja kwa ulimi wake.

Arra ya Kirumi ilianza sokoni, na mara nyingi ilikuwa pete. Ulpianus, mwanasheria wa karne ya 3, anajadili shauri la mnunuzi aliyeacha pete yake kama arra: bei imeshalipwa, mali imeshakabidhiwa, lakini muuzaji hairudishi pete. Aidai kwa njia gani? Kutoka sokoni desturi hiyo iliingia katika uchumba. Pliny Mkubwa anasimulia kwamba katika zama zake, karne ya 1, mchumba wa kike bado alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito chochote. Thamani ya chuma haikuwa kitu. Uzito ulikuwa katika ahadi.

Baadaye ahadi yenyewe iliwekewa hesabu. Sheria ya mwisho wa dola ya Roma ilisema kwamba aliyetoa arra ya uchumba akivunja ahadi anaipoteza, na aliyeipokea akivunja anairudisha na nyingine juu yake. Mwaka 336 Mfalme Konstantino alitoa sheria inayowachekesha wanafunzi kila inaposomwa: ikiwa uchumba ulithibitishwa kwa busu, kisha mchumba mmoja akafa kabla ya ndoa, nusu ya zawadi zinabaki upande wa mwanamke, kama hapakuwa na busu, zinarudi zote. Tucheke, lakini tutazame sheria inafanya nini. Inakiri kwamba uchumba unamgharimu mwanamke kitu ambacho hakirudi, na inatafuta fidia yake. Hiyo ni fikra ya bima, ingawa neno bima lilikuwa bado mbali.

Wenzangu darasani hupenda kusema kwamba pete ya uchumba ni jambo la kuletwa, halituhusu. Ninakubali kwamba kifaa kimeletwa. Kazi yake haikuletwa. Waswahili wana kishika uchumba, na jina hilo linaeleza shughuli hiyo kwa uwazi kuliko Kilatini: ni kitu kinachoushika uchumba usiponyoke. Baganda katika kwanjula na Banyankole katika kuhingira wanabadilishana mali mbele ya mashahidi kwa sababu hiyohiyo. Leo pete huvishwa katika kwanjula ileile, baada ya vikapu na mbuzi kuhesabiwa, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa twende Uingereza, kwa sababu sheria zake ndizo zilizotufikia Uganda mwaka 1902 pamoja na bendera yake. Kwa muda mrefu mahakama za Kiingereza zilimruhusu mchumba aliyeachwa kushtaki kwa kuvunjiwa ahadi ya ndoa. Karibu wote walioshinda walikuwa wanawake. Waandishi walilifanya jambo hilo kuwa kichekesho. Charles Dickens alilitumia katika riwaya yake juu ya Bwana Pickwick, iliyoanza kutoka mwaka 1836. Lakini nyuma ya kichekesho palikuwa na mwanamke aliyesubiri miaka mitano, akakataa wengine, na pengine akapata mimba, katika jamii ambayo kazi ya mshahara wa kumtosha haikuwepo. Kesi ilikuwa kinga yake.

Pete ilikuja kujadiliwa pembeni ya kesi hizo. Mwaka 1917 mahakama ya London iliamua kwamba pete ya uchumba ni zawadi yenye sharti: inategemea ndoa ifungwe. Mwaka 1926 Jaji McCardie aliongeza swali la kosa. Mwanamke akivunja uchumba bila sababu, airudishe. Mwanamume akivunja bila sababu, asiidai. Tukiiweka kanuni hiyo kando ya arra, tunaona ni ileile, imepita miaka elfu moja na mia tano. Aliyetoa arbuni akakimbia, arbuni imekwenda.

Kisha Marekani ikaondoa kesi na kuacha pete. Mwaka 1935 bunge la jimbo la Indiana lilifuta mashtaka ya kuvunjiwa ahadi ya ndoa. Aliyepeleka muswada alikuwa Roberta West Nicholson, mwanamke pekee katika bunge hilo wakati huo. Alisema kwamba kesi hizo zimekuwa njia ya kuwatisha watu kwa aibu ili watoe fedha, na kwamba zinamhesabu mwanamke kama bidhaa. Majimbo mengine yalifuata, na kufikia mwaka 1945 kumi na sita yalikuwa yamefuta mashtaka hayo.

Hapa ndipo ninapofika kwa Margaret Brinig, msomi wa sheria aliyechapisha makala juu ya pete na ahadi mwaka 1990. Alitazama mahitaji ya almasi nchini Marekani akaona kwamba yalianza kupanda katikati ya miaka ya 1930, yaani kabla kampeni kubwa ya matangazo haijaanza. Kampuni ya De Beers iliajiri wakala wa matangazo N. W. Ayer mwaka 1938, na yale maneno maarufu ya kudai kwamba almasi haina mwisho yaliandikwa na Frances Gerety mwaka 1947. Basi kwa nini watu walianza kununua almasi kabla ya kushawishiwa? Jibu la Brinig ni kwamba mahakama zilipofunga mlango, wachumba walitafuta dhamana nyingine. Mwanamume aliyeweka mshahara wa miezi kadhaa kidoleni mwa mchumba wake alikuwa ameweka rehani. Akimwacha, mwanamke anabaki na kitu mkononi.

Ninaikubali hoja hii, lakini si yote. Dhamana ina maana tu kama sheria inamwachia aliyeachwa aishike, na tutaona kwamba mahakama nyingi za Marekani zilikwenda upande mwingine. Pia dhamana inapaswa kuuzika. Mwaka 1982 mwandishi Edward Jay Epstein alieleza katika jarida la The Atlantic jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa kawaida kuuza almasi aliyoinunua dukani. Sonara haitaki, au anataja bei inayomfanya mwenye pete alie. Ng'ombe wa mahari anazaa. Almasi haizai, na ukiigeuza fedha unagundua kwamba sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya duka na ya tangazo.

Jambo moja haliwezi kukataliwa: bila Afrika pete hiyo isingekuwa ya watu wengi. Kabla ya almasi kuonekana karibu na Mto Orange mwaka 1867 na kule Kimberley miaka minne baadaye, jiwe hilo lilikuwa la wafalme na jamaa zao. Kimberley iliyamwaga mawe kwa wingi kiasi kwamba wenye migodi wakaogopa bei itaanguka, na mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake wakaunda De Beers Consolidated ili kuubana mlango. Hapa jirani, Mkanada John Williamson aligundua mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi. Jiwe lilichongwa likabaki karati 23.6 na kuwekwa katika bruchi. Pete yake ya uchumba haikutoka Mwadui. Mawe yake yalitolewa katika taji la mama yake Philip. Mwaka huohuo, kama nilivyosema, Frances Gerety aliandika tangazo lake. Wachimbaji wa Shinyanga hawakuwekewa tangazo.

Mpaka hapa nimezungumzia pete inayolinda. Pete inayolindwa niliijua nyumbani. Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Alivishwa pete katika kwanjula yake, pete ambayo mchumba wake aliinunua Nairobi kwa fedha za akiba ya miaka miwili. Muuguzi hawezi kuosha mikono na kuvaa glavu akiwa na pete yenye jiwe lililoinuka, huivua. Siku moja aliivua, na zamu ilipokwisha haikuwepo mfukoni wala popote. Mchumba wake alikuwa na bima ya vyombo vya nyumbani katika kampuni ambayo sitaitaja, akapeleka madai. Kampuni iliuliza mambo matatu: pete ni ya nani, ilikuwa na thamani gani, na ilipoteaje. Kisha ikakataa kulipa.

Kwa jamaa zetu maswali hayo yalikuwa visingizio tu. Upande wa mchumba walianza kusema kwamba dada alipe nusu ya bei kabla ya harusi. Shangazi yetu, ambaye ndiye ssenga wake, aliwauliza swali moja: mbuzi wa kwanjula akifa katika zizi la baba mkwe, nani anadai aletewe mwingine? Wakanyamaza. Sikumwambia shangazi kwamba Warumi walikuwa na kanuni hiyohiyo, kwamba kitu kikipotea kinampotea mwenyewe. Asingeshangaa.

Lakini kanuni ya mbuzi inadai kwanza tujue mwenyewe ni nani, na hilo ndilo swali la kwanza la kampuni. Lina umri wa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini. Bima ya Kiingereza ilikulia katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, uliokuwa katika Tower Street, London, kufikia mwaka 1688. Wenye meli na wenye fedha walikutana pale. Mwenye fedha aliandika jina lake chini ya karatasi ya safari akikubali kubeba sehemu ya hasara. Mchezo wa kamari uliingia haraka. Watu waliweka bima juu ya maisha ya wasiowahusu: mwanasiasa mgonjwa, mshtakiwa anayengoja hukumu, hata mfalme aliye vitani. Mwaka 1774 Bunge lilipitisha sheria iliyokataza bima juu ya uhai au jambo ambalo mkata bima hana maslahi nalo. Bima ya bidhaa na meli ilikuwa na sheria zake, lakini fikra ni moja: lazima hasara ikuume wewe mwenyewe. Usipoumia, unacheza kamari.

Tuseme sasa mchumba wa dada ameinunua pete. Siku ya kwanza ni yake, hasara ni yake. Siku ya kwanjula anamvisha dada mbele ya watu mia tatu. Hasara ni ya nani? Ikiwa ni zawadi kamili, mchumba hana tena pete. Bima yake inalinda kidole cha mwingine. Ikiwa ni zawadi yenye sharti, pete inaning'inia kati yao mpaka siku ya ndoa. Karani wa bima hakubuni tatizo hili. Alilirithi kutoka kwa majaji wa 1917, na wao walilirithi kutoka kwa arra.

Swali la pili, la thamani, lina historia fupi lakini lenye mitego zaidi. Kanuni ya bima ni fidia: urudishwe ulipokuwa, usitajirike kwa hasara yako. Mahakama za Uingereza ziliisisitiza mwaka 1883 katika shauri la nyumba iliyoungua baada ya mwenyewe kukubali kuiuza. Alilipwa na bima, akalipwa na mnunuzi, na mahakama ikamtaka arudishe fedha za bima. Kwa nyumba kanuni hiyo inafanya kazi, maana kiwanja kipo na majivu yapo. Kwa meli iliyozama haifanyi kazi vizuri, kwa kuwa hakuna wa kushuka baharini kuikagua. Ndiyo maana mabaharia walizoea kukubaliana thamani mapema na kuiandika katika hati, na Sheria ya Bima ya Baharini ya mwaka 1906 ilisema kwamba thamani iliyokubaliwa haibishaniwi baadaye isipokuwa kwa udanganyifu.

Pete iliyopotea inafanana na meli kuliko nyumba. Hakuna majivu. Kwa hiyo bima nzuri ya pete ni ile inayotaja thamani iliyokubaliwa, na bima ya kawaida ni ile inayosema kwamba kampuni italeta pete ya aina hiyohiyo kutoka kwa sonara inayemjua yenyewe, kwa bei ya jumla. Watu wengi hawaoni tofauti. Mthamini anaandika bei ya juu, mwenye pete anafurahi, analipa ada kubwa kila mwaka kwa sababu ada hupigwa kwa asilimia ya thamani; Marekani mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 2. Hasara ikitokea, kampuni inanunua pete nyingine kwa fedha pungufu. Miaka yote ile amelipia bei iliyokuwa kwenye karatasi tu.

Karatasi yenyewe ilichukua muda kupatikana. Robert Shipley alianzisha taasisi ya vito ya Marekani, GIA, mwaka 1931, na ripoti zake za kupanga almasi kwa uzito, rangi, usafi na mchongo zilianza kutolewa katikati ya miaka ya 1950. Kabla ya hapo sonara wawili wangeweza kuliita jiwe moja kwa majina mawili. Bila maelezo yanayoaminika, bima ya pete ingebaki bahati nasibu kati ya watu wawili wasioaminiana. Wauzaji wa vito wa Wisconsin waliona mapema kwamba hatari zao zinahitaji watu wanaozifahamu, wakaanzisha bima yao ya ushirika mwaka 1913. Kampuni hiyo, Jewelers Mutual, bado ipo na sasa inakatia bima pete za watu binafsi.

Swali la tatu, pete ilipoteaje, ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lina mtu ndani yake. Mpaka mwisho wa karne ya 19 wanachama wa Lloyd's walikuwa watu wa bahari. Nchi kavu walijua moto kidogo. Cuthbert Heath, aliyezaliwa mwaka 1859 na ambaye hakusikia vizuri tangu utotoni, ndiye aliyeanza kuuliza kwa nini isiwe zaidi. Katika miaka ya 1880 alianza kuandika bima ya wizi wa majumbani, kisha bima ya masonara iliyobeba mawe yao dukani, njiani na mikononi mwa mawakala. Wakongwe wa Lloyd's walimtazama kwa mashaka. Ndiye huyohuyo ambaye, San Francisco ilipotetemeka na kuungua mwaka 1906, aliagiza wakala wake awalipe wateja wote kikamilifu bila kutafuta mianya ya hati.

Kutoka kwa Heath na wenzake tulipata bima ya hatari zote. Maana yake ilielezwa vizuri mwaka 1921, si katika shauri la pete bali la sufu iliyolowa maji ikitoka Amerika ya Kusini. House of Lords ilisema kwamba anayedai chini ya bima ya hatari zote halazimiki kuonyesha hasa ni ajali gani iliyotokea. Inatosha kuonyesha kwamba hasara ilitokana na bahati mbaya, si uchakavu wa kawaida wala makusudi yake. Wamarekani katika miaka ya 1940 waliongeza katika hati za wizi maneno ya kupotea kusikoelezeka, yaani kitu kilikuwepo, sasa hakipo, na mwenyewe hajui. Makampuni yalijuta baadaye, na hati nyingi za nyumba za Marekani zimerudi nyuma: wizi wa vito una kikomo, mara nyingi dola 1,500 kwa vito vyote pamoja, na anayetaka zaidi aandikishe kila kito peke yake.

Huko ndiko dada yangu alikokwama. Hati za bima ya nyumba za Afrika Mashariki zina sehemu ya vyombo vinavyobaki ndani, na sehemu nyingine ya hatari zote kwa vitu vinavyotoka mlangoni: kamera, kompyuta, vito. Kila kimoja kinatakiwa kitajwe kwa jina na thamani. Pete haikutajwa. Ingekuwa imetajwa, asingehitaji kueleza ilipotelea kwenye sinki au mfukoni mwa mtu. Makampuni hayaelezi mgawanyo huu kwa lugha ambayo mteja wa kawaida anaielewa. Hati ya mchumba wake ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili, kurasa kumi na tisa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta kazi ya kufanya baada ya shahada atazame hapo.

Nirudi kwenye swali la mwenyewe, maana ndilo lenye uzito mwishoni. Uingereza ilifuta mashtaka ya kuvunjiwa ahadi ya ndoa kwa sheria ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika Januari 1971. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 3, ilisema kwamba pete ya uchumba itachukuliwa kuwa zawadi kamili, isipokuwa ithibitishwe kwamba ilitolewa kwa sharti la kurudishwa. Bunge liliondoa kesi, likaacha arbuni mkononi mwa aliyeivaa. Mwaka huohuo wa 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa, na haikufuta chochote: kifungu cha 69 kinaruhusu shauri la kuvunjiwa ahadi, na cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa. Nchi mbili zilizotoka katika mila moja ya sheria, mwaka mmoja, zikatazama mashariki na magharibi.

Kwetu Uganda mahakama haikuulizwa juu ya pete bali juu ya ng'ombe. Tarehe 6 Agosti 2015, katika shauri lililoletwa na shirika la MIFUMI, Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kurudisha mahari kama sharti la kuvunja ndoa ya kimila inapingana na Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kumfanya mwanamke afungwe katika ndoa na deni ambalo ndugu zake wameshalila. Wasomaji wengine wataona mbali kati ya ng'ombe na almasi. Mimi ninaona mahakama iliyouliza swali lilelile: mali iliyotolewa kwa ajili ya ahadi, ahadi ikivunjika, inamlinda nani?

Marekani imekwenda kinyume. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 mahakama za majimbo mengi zimeacha kuuliza nani alikosa. Ndoa isipofungwa, pete inarudi kwa mnunuzi, hata kama ndiye aliyeondoka. Pennsylvania iliamua hivyo mwaka 1999. Montana mwaka 2002 ilikataa, ikisema zawadi ni zawadi. Massachusetts ilikuwa imeshikilia kanuni ya kosa tangu mwaka 1959, mpaka Novemba 2024 mahakama yake ya juu ilipoiacha katika shauri la pete ya dola 70,000, na pete ikarudi kwa mwanamume aliyevunja uchumba. Majaji walikuwa na sababu nzuri: nani anaweza kupima kosa katika mapenzi ya watu wawili? Lakini baada ya uamuzi huo hoja ya Brinig haina tena pa kusimama katika jimbo hilo. Rehani inayorudi kwa aliyeiweka hata anapokimbia si rehani.

Na hati ya bima inafuata sheria ya mahali. Karani wa London akipokea madai ya pete iliyopotea kabla ya harusi, anaanza na dhana kwamba ni mali ya aliyeivaa. Karani wa Boston anajua kwamba mpaka siku ya ndoa pete hiyo inaweza kudaiwa na aliyeinunua, kwa hiyo atataka majina mawili katika fomu.